Kiti Kile ni cha Nani?

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wabunge wa Tanzania hugombania shilingi moja mjini Dodoma. Waziri husoma hotuba ya makadirio ya wizara yake, wabunge huchangia, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na mafungu ya fedha huanza kuitwa moja baada ya jingine. Likifikiwa lile lenye mshahara wa Waziri, wabunge husimama. Mmoja hupewa nafasi, hueleza kero ya jimbo lake, halafu hutamka maneno ambayo kila msikilizaji wa redio anayafahamu: asipopata maelezo ya kuridhisha, atashika shilingi.

Kushika shilingi ni kupendekeza mshahara wa Waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Utaratibu huu umerithiwa kutoka Uingereza, ambako wabunge walizoea kwa miaka mingi kupendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa kiasi kidogo ili tu kuonyesha kutoridhika. Waziri hapungukiwi na kitu. Kinachotafutwa ni mjadala. Hoja ikiungwa mkono, wengine wanapata nafasi ya kusema, Waziri analazimika kusimama tena, na ahadi anayoitoa kuhusu barabara, mbolea ya ruzuku au zahanati isiyo na mganga inaingia katika Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge. Mbunge ataisoma ahadi hiyo kwa sauti mwaka unaofuata. Kwa mbunge asiye na wizara wala uenyekiti wa kamati, hakuna silaha iliyo karibu zaidi ya hii.

Karibu kila mara shilingi hurudishwa. Waziri akitoa ahadi, mbunge hushukuru na kukaa. Asiporidhika, wabunge huhojiwa, wanaoafiki na wasioafiki hupaza sauti, na hoja huanguka. Mbunge wa chama tawala anayeshupaa hadi mwisho anajua anachokichezea: Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na ndiyo maana kura ya bajeti nzima hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, kila mtu akijibu hadharani. Bunge likivunjwa, wabunge wote wanarudi kuomba kura upya. Lakini kabla ya kufika kwa wananchi, wanapita kwanza mlango wa chama.

Hapo ndipo swali la sura hii linapoanzia. Kiti anachokalia mbunge ni cha waliompigia kura, au ni cha chama kilichompitisha? Mengi yaliyowahi kutokea bungeni, ya kishujaa na ya kusikitisha, yanaeleweka vizuri zaidi mtu akilishika swali hilo mkononi.

Kwanza, nani wanakaa mle ndani. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Watu wengi husahau sehemu ya kwanza. Rais si mbunge na haketi na wabunge, lakini muswada hauwi sheria mpaka autie saini. Akiukataa, anaurudisha na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21 za kuchagua: ausaini, au alivunje Bunge.

Sehemu ya pili ina watu wa aina kadhaa. Katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, nafasi zilikuwa 393. Kati ya hizo, 264 zilikuwa za majimbo, na kila jimbo hutoa mshindi kwa wingi wa kura tu, hata kama hakufikia nusu. Wanawake wa viti maalum walikuwa 113. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilituma watano, Rais aliweza kuteua hadi 10, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali akaingia kwa wadhifa wake. Spika anaweza kuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge au nje yao, mradi awe na sifa za kuwa mbunge. Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo, na uteuzi wake haukamiliki mpaka Bunge liuthibitishe kwa kura nyingi.

Viti maalum vinastahili kuangaliwa kwa makini. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, wanawake wa viti hivyo hawapaswi kupungua asilimia 30 ya wabunge. Hesabu yake ni rahisi: chama kilichopata angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge nchi nzima hugawiwa viti kulingana na kura zake, na majina hutoka kwenye orodha kiliyoipeleka Tume ya Uchaguzi. Utaratibu huo umeifanya Tanzania kuwa na wanawake wengi bungeni kuliko nchi nyingi duniani, na umelea viongozi ambao baadaye walishinda majimbo kwa miguu yao wenyewe. Umewaacha pia wanawake hao bila wapiga kura wanaoweza kuwakimbilia. Mbunge wa jimbo akigombana na chama chake, anaweza angalau kusema watu wake wapo nyuma yake. Mbunge wa viti maalum amepewa kiti na orodha, na orodha ni ya chama.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, ingawa mwanzo wenyewe haukuwa wa kujivunia. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Wajumbe wote waliteuliwa, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame kuingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa.

Uchaguzi wa kwanza ulipokuja, 1958 na 1959, ulikuja na sharti gumu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Ndani ya TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru, wengi walitaka kususa. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Julius Nyerere, kiongozi wa chama hicho, aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu, aliyeona huko ni kusalimu amri, akajitoa na kuanzisha chama chake. Hesabu ya Nyerere ilikuwa sahihi. TANU iliunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, na wakashinda. Kura tatu zilizotungwa kuwagawa wapiga kura zikazaa baraza lenye Waafrika, Waasia na Wazungu waliosimama upande mmoja.

Agosti 1960 ulifanyika uchaguzi mwingine, wa viti 71. TANU ilipita bila kupingwa katika viti 58, na ilipomaliza ilikuwa na 70. Kiti kimoja kiliponyoka. Huko Mbulu, Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mtu aliyepitishwa rasmi na chama, na watu wa Mbulu wakamchagua yeye. Historia za uhuru hulipita tukio hilo haraka, na ni hasara. Wakati chama kilikuwa katika kilele cha heshima yake, wananchi wa wilaya moja waliweza kusema kwamba wanakitaka chama lakini hawamtaki mtu wake, na sheria ikawaruhusu.

Miaka mitano baadaye nchi ikawa ya chama kimoja, na ajabu ni kwamba uchaguzi wa 1965 ulikuwa na ushindani mkali. Karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walisimamishwa kwenye mikutano ile ile ya kampeni iliyoandaliwa na chama. Wananchi wakaanza kazi. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Bibi Titi Mohamed, aliyewapandisha wanawake wa nchi nzima majukwaani wakati wa kudai uhuru, akaangushwa Rufiji. Mtu aliyepiga kura mwaka ule hakuwa na nafasi ya kubadilisha serikali, lakini alikuwa na nafasi ya kumrudisha nyumbani waziri, na aliitumia.

Ila mwenye kiti alibaki kuwa chama. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, mmoja wa waliokuwa na midomo mikali bungeni, pamoja na waziri wa zamani Oscar Kambona, aliyekuwa amekwisha kukimbilia Uingereza. Kwa kuwa mbunge alipaswa kuwa mwanachama, ubunge wao ukakoma siku hiyo hiyo. Hakuna mpiga kura aliyeulizwa.

Kanuni ile haikuzikwa pamoja na mfumo wa chama kimoja mwaka 1992. Ilihamia kwenye vyama vingi. Ibara ya 67 inamtaka mgombea awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inamvua ubunge pindi anapoacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho. Maneno haya machache yameamua hatima ya watu wengi kuliko hotuba zote zilizowahi kutolewa Dodoma.

Zitto Kabwe alikuwa mbunge wa chama cha upinzani cha Chadema aliyejijengea jina mwaka 2007, aliposimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London. Novemba 2014, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, alisoma ripoti kuhusu zaidi ya Sh300 bilioni zilizotoka katika akaunti ya Tegeta Escrow. Bunge likatoa maazimio. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri wa Nishati Sospeter Muhongo akajiuzulu. Wakati huo huo Zitto alikuwa kwenye ugomvi mrefu na viongozi wa chama chake. Machi 2015 chama kilitangaza kumfukuza, na mtu aliyekuwa amelitetemesha Baraza la Mawaziri miezi minne kabla akaliaga Bunge. Watu wa Kigoma hawakupewa nafasi ya kusema neno mpaka Oktoba, walipomchagua tena kupitia chama kingine.

Kisha ukaja msimu wa kuhama. Maulid Mtulia aliyekuwa mbunge wa chama cha upinzani cha CUF Kinondoni na Godwin Mollel wa Chadema huko Siha walijiuzulu mwishoni mwa 2017 na kujiunga na CCM, chama tawala. Viti vyao vikawa wazi, kwa kuwa ibara ile ile haimruhusu mbunge kuhama na kiti. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari 2018, CCM ikawapitisha watu wale wale, nao wakarudi Dodoma kukaa upande wa pili wa ukumbi. Wengine wakafuata njia hiyo, na kila mara Watanzania walilipia uchaguzi wa kumchagua mtu waliyekuwa wamekwisha kumchagua. Ibara iliyotungwa kuzuia wabunge wasiuze viti ilishindwa kuzuia jambo hilo, kwa sababu ilikuwa na nguvu pale tu chama kilipotaka kuitumia.

Hata utekelezaji wake haukuwa wa kipimo kimoja. Julai 2017, CUF ikiwa imegawanyika, upande uliomuunga mkono Profesa Ibrahim Lipumba ulipowafukuza wabunge wanane wanawake wa viti maalum, Spika Job Ndugai alikubali haraka na viti vikatangazwa kuwa wazi. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum huku chama chao kikisema hakikupeleka majina yao, na siku chache baadaye kikawafukuza uanachama. Safari hii Spika hakuona haraka. Shauri likaenda kwenye vikao vya rufaa vya chama, likaenda mahakamani, na wanawake hao wakabaki bungeni mpaka Bunge lilipovunjwa mwaka 2025. Msomaji anaweza kuwa na huruma na kundi moja au jingine. Lisilowezekana ni kuzisoma kesi hizi mbili pamoja na kusema ziliamuliwa kwa kanuni moja.

Na kuna Tundu Lissu. Septemba 7, 2017, mbunge huyo wa Singida Mashariki alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma, mchana, katika kipindi cha mkutano wa Bunge. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Juni 2019, akiwa bado nje ya nchi kwa matibabu, Spika alitangaza kwamba amepoteza ubunge: hakuhudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa, na hakuwasilisha tamko la mali. Mikutano mitatu ni kipimo cha Katiba kweli, kilichowekwa ili mbunge asilale nyumbani huku jimbo lake likikosa sauti. Kukitumia dhidi ya mtu aliyekuwa akijifunza kutembea upya baada ya kunusurika kuuawa ni jambo ambalo Bunge litaendelea kuulizwa na wajukuu. Katika uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chake, mgombea wa CCM alipita bila kupingwa.

Pamoja na hayo, atakayesema Bunge la Tanzania halijawahi kuwa na meno atakuwa amesahau Februari 2008.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Serikali ikatafuta mitambo ya dharura, na zabuni ya megawati 100 ikaangukia kampuni iitwayo Richmond, ambayo haikuonekana kuwa na uwezo wa kazi hiyo. Maswali yalipozidi, Bunge likaunda Kamati Teule ya watu watano, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Wengi wao walikuwa CCM. Ripoti yao ilisomwa bungeni Februari 6, 2008, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na ilimgusa Waziri Mkuu Edward Lowassa kwa jina. Kesho yake Lowassa alisimama, akalalamika kwamba kamati haikumhoji, na akatangaza kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakajiuzulu. Kwa kuwa Waziri Mkuu akiondoka Baraza zima la Mawaziri huvunjika, Rais Jakaya Kikwete alilazimika kuunda serikali upya, na Mizengo Pinda akaletwa bungeni kuthibitishwa.

Utaratibu wote huo ulifuata kanuni: hoja, kamati teule, ripoti, mjadala. Kilichoongezeka kilikuwa Spika, Samuel Sitta, aliyekuwa ameahidi Bunge la kasi na viwango na akaacha ripoti isomwe yote. Malipo yake yalikuja polepole. Agosti 2009 vikao vya juu vya CCM vilimweka kikaangoni kwa kuliachia Bunge kuiumbua Serikali. Baada ya uchaguzi wa 2010, Kamati Kuu ya chama iliamua kwamba safari hii Spika awe mwanamke, ikapeleka majina matatu, yote ya wanawake, na njia ya Sitta ikafungwa. Anne Makinda akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Alistahili: alikuwa bungeni tangu miaka ya 1970 na alikuwa Naibu Spika. Lakini aliyeamua ni chama, si wabunge waliopiga kura ya siri.

Uspika ndiyo nafasi ambayo swali la mwenye kiti linauma zaidi. Spika huamua swali gani linaruhusiwa, nani anapewa nafasi, nani anatolewa nje na sajenti wa Bunge, na ripoti gani inaletwa mezani. Anapaswa kuwa mwamuzi wa wote, na hachaguliwi asipokuwa na jina lililopitishwa na chama chenye wabunge wengi. Ndugai, aliyeitumia mamlaka hiyo kwa ukali dhidi ya wapinzani, alikuja kuonja upande wake wa pili. Mwishoni mwa Desemba 2021 alisema hadharani kwamba nchi inakopa mno na iko siku itapigwa mnada. Aliomba radhi. Rais Samia Suluhu Hassan akaonyesha wazi kwamba hakufurahishwa, na Januari 6, 2022 Spika akajiuzulu, kwa barua kwa chama chake. Kiongozi wa mhimili mmoja wa dola aliondoka kwa sababu alitoa maoni kuhusu deni la taifa, jambo ambalo kulisimamia ni kazi ya Bunge hasa. Februari mosi Dk. Tulia Ackson alichaguliwa kwa kura 376, na wagombea wa vyama vingine hawakupata hata moja.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, haina kishindo cha namna hiyo, na sehemu kubwa ya uzito wake iko kwenye kamati. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza kwa jina tu, kisha Spika huupeleka kwenye kamati husika. Huko ndiko wadau hualikwa: wakulima, wanasheria, wafanyabiashara, waandishi. Baada ya hapo unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, ambapo Waziri na mwenyekiti wa kamati huzungumza na wabunge hujadili. Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, kifungu kwa kifungu, ndipo usomwe mara ya tatu. Serikali ikiwa na haraka huleta hati ya dharura na hatua hizi hubanwa. Julai 2017 sheria kubwa za maliasili na mikataba ya madini zilipita hivyo, kwa siku chache. Huenda nia ilikuwa njema, lakini siku chache hazimtoshi mbunge kuisoma sheria ya madini, sembuse mchimbaji wa Geita kuja kusema anachokijua.

Kwa miongo mingi kulikuwa na ugumu mwingine. Mjadala ulikuwa wa Kiswahili na muswada ulikuwa wa Kiingereza. Mbunge aliyechaguliwa kihalali, akijua kusoma na kuandika Kiswahili kama Katiba inavyotaka, alikabidhiwa kurasa za kisheria asizoweza kuzifuata na kutakiwa kuzipigia kura. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Mageuzi hayo hayakuandikwa sana magazetini, na yamewapa wabunge wengi uwezo ambao hakuna semina ingewapa.

Kamati za hesabu ndizo zinazoogopwa na watendaji. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, nayo huwasilishwa bungeni mwezi wa Aprili. Makatibu wakuu na wakurugenzi wa halmashauri huitwa kujieleza mbele ya wabunge, wakiwa na mafaili yao. Utamaduni wa kuwapa wapinzani uenyekiti wa kamati hizo umesaidia, na Escrow ni ushahidi. Ndiyo maana lililotokea 2019 lilitia uchungu. Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alipoulizwa na mwandishi kwa nini ripoti zake hazileti mabadiliko, alijibu kwamba ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya kamati ya maadili, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Badala ya kujadili fedha zilizopotea, wabunge walijadili neno. Novemba mwaka huo Assad aliondoka ofisini, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba.

Wapo waliojaribu kulifungua fundo hili kwenye mzizi. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu mwaka 1993 akidai kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye. Serikali ikapeleka bungeni marekebisho ya Katiba, na mlango ukafungwa kabla haujatumika. Mtikila akarudi mahakamani na kushinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa na liamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na Juni 14, 2013 ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake.

Mwaka huo huo Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokuwa ikikusanya maoni ya Katiba mpya, ilileta rasimu iliyokwenda mbali zaidi. Ilimruhusu mgombea binafsi. Ilitaka mawaziri wasiwe wabunge. Iliweka ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge, na iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha. Katika vijiji vingi wananchi waliitaka haki hiyo ya mwisho kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wamechoka na mbunge anayeonekana mara moja kila uchaguzi. Bunge Maalum la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge na wawakilishi wenyewe, liliondoa ukomo na likaondoa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani. Mgombea binafsi alibaki katika Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa Oktoba 2, 2014.

Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haijafanyika. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kuibadili Katiba iliyopo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo yanayohusu Muungano theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Kila jimbo lililochagua mbunge mwaka 2015, 2020 na 2025 lilichagua kutoka kwenye orodha ya waliodhaminiwa na vyama, na mwaka 2025 orodha hiyo haikuwa na jina hata moja la Chadema.